Kuwaandaa walimu kumfundisha mwanafunzi mwenye sindromu ya Down: mwongozo wa hatua kwa hatua

Semina ya kwanza niliyoendesha kuhusu sindromu ya Down ilichukua siku mbili. Nilikuwa na projekta na picha za kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi, na walimu walinisikiliza kwa heshima. Mwezi mmoja baadaye nilipita shuleni pale bila taarifa. Mvulana ambaye semina ile iliitishwa kwa ajili yake alikuwa dawati la nyuma, karibu na mlango, anachora mistari kwenye karatasi aliyopewa tangu asubuhi. Mwalimu wake alikumbuka vizuri kwamba tatizo liko kwenye kromosomu ya 21. Alichokuwa hajui ni afanye nini na mtoto huyu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Kosa lilikuwa langu. Nilimpa habari, sikumpa kazi ya kufanya.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kuwafundisha walimu wenzangu. Siku hizi naanza na mtoto mmoja ambaye shule inamjua kwa jina, naingia kwenye somo moja la kesho, kisha narudi na kurudi tena. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, mwalimu mkuu, mratibu wa MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) shuleni, au yeyote aliyepewa jukumu la kuwaandaa wenzake. Nimeuandika nikizifikiria shule zetu za msingi za serikali, zenye watoto 80 au 100 darasani na mwalimu mmoja. Mwenye darasa dogo ataona nafuu.

Muda ninaopendekeza ni siku moja kamili, kisha saa moja kila wiki kwa wiki sita. Shule nyingi tayari zina jumuiya za kujifunzia chini ya MEWAKA, basi tumieni vipindi hivyo hivyo. Semina ya siku tatu mfululizo isiyo na marudio haimfikii mtoto.

Hatua ya 1: Mfahamu mtoto kabla ya kuwaita walimu

Nenda nyumbani kwao. Muulize mama au bibi anayemlea: anaombaje maji? Anafanya kazi gani za nyumbani? Akikasirika hutulizwa na nini? Anaimba nini? Utashangaa mtoto ambaye shuleni anasemwa "hajui chochote" anapofagia uwanja, anapowapa kuku maji na kuwataja majirani wote kwa majina.

Kisha omba kuona kadi ya kliniki na karatasi za hospitali. Uliza kuhusu moyo, masikio, macho na usingizi. Mzazi akikubali, andika ukurasa mmoja tu. Huu ni mfano wa ukurasa wa aina hiyo:

"Anapenda mpira na kwaya. Anaomba maji kwa kuonyesha kikombe. Anafuata agizo la vitu viwili, la vitu vitatu humchanganya. Anasema maneno kama 40, mgeni ataelewa nusu. Akichoka huketi chini. Sikio la kushoto hutoa usaha msimu wa mvua. Usiku anakoroma sana."

Ukurasa huo ndio kitabu chenu cha mafunzo. Yaliyo ya hospitali yabaki kwa mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na wale wanaoyahitaji ili mtoto awe salama. Hayasomwi mbele ya ofisi nzima.

Hatua ya 2: Ita shule nzima

Walimu wa madarasa ya kawaida wakisikia "elimu maalumu" huwa wanageuka kumtazama mwalimu wa kitengo. Usikubali mafunzo yawe ya mtu mmoja. Mtoto huyu anapita getini kwa mlinzi, anapewa uji na mpishi, anasimamiwa na mwalimu wa zamu mstarini. Mlinzi asiyejua kwamba mtoto anaweza kutoka nje bila kuelewa hatari ya barabara ni hatari kubwa kuliko mwalimu asiyejua kuandaa kadi za kusomea.

Kuna mwalimu atakayeuliza kwa nini mtoto asipelekwe "shule yake". Mjibu kwa upole na kwa uhakika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayompa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wengine. Halafu mwulize naye: ni kitu gani kinakutia hofu? Mara nyingi jibu ni "sijui pa kuanzia", na hilo mafunzo yanaweza kulitatua.

Hatua ya 3: Toeni maneno yote mezani

Wape walimu vipande vya karatasi waandike, bila majina yao, kila neno walilowahi kusikia akiitwa mtoto mwenye Down, nyumbani, sokoni na hata ofisini. Zisome kwa sauti. Zitatoka: zezeta, taahira, mgonjwa wa akili, mtoto wa laana, mama yake alitembea usiku. Acha ukimya kidogo, kisha eleza ukweli kwa ufupi.

Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46 katika kila seli, jozi 23. Mtoto mwenye sindromu ya Down ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, au sehemu yake ya ziada. Hali hii ina jina la John Langdon Down, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1866, na chanzo chake kilijulikana mwaka 1959 kupitia kazi ya Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake. Kwa kuwa kromosomu ya 21 ziko tatu, siku yake duniani huadhimishwa tarehe 21 Machi, tarehe 21 ya mwezi wa 3. Haiambukizi. Haitokani na dhambi ya mama wala uchawi wa jirani. Uwezekano wake huongezeka kadiri umri wa mama unavyoongezeka, lakini watoto wengi wenye Down huzaliwa na mama vijana, kwa kuwa hao ndio wanaozaa zaidi. Si usonji, na si mtindio wa ubongo (cerebral palsy), ingawa mtaani yote huitwa jina moja.

Kuna neno jingine la kuweka mezani, nalo husemwa kwa nia njema: "malaika". "Hawa ni malaika, wana upendo tu." Nimeona mtoto aliyeitwa malaika akipita madarasa manne bila mtu kumpa zoezi hata moja. Wanakasirika, wanagoma, wanapenda na kuchukia kama watoto wengine, na wanastahili kazi ya darasani inayowatoa jasho. Katika nchi zenye huduma nzuri za afya, wengi wao siku hizi wanafika miaka 60. Mnayemfundisha leo atakuwa mtu mzima kwa miaka mingi.

Hatua hii isizidi dakika 40. Walimu wakianza kusimulia visa vya ushirikina, siku nzima itaishia hapo.

Hatua ya 4: Mwili kwanza, kisha somo

Mwalimu si daktari, lakini yuko na mtoto saa nyingi kuliko daktari. Afahamu mambo machache, na ayafahamu sawasawa.

Masikio. Watoto wengi wenye Down wana shida ya kusikia, mara nyingi kwa sababu ya ute unaokaa nyuma ya ngoma ya sikio. Huja na kuondoka, kwa hiyo mtoto anaweza kusikia vizuri Jumatatu na vibaya Alhamisi. Mwalimu humwita mkaidi. Kabla ya kumwita hivyo, akapimwe kitengo cha masikio, pua na koo katika hospitali iliyo karibu. Kenya, vituo vya EARC, vinavyowapima watoto wenye mahitaji maalumu, husaidia upimaji wa aina hii. Darasani akae mbele, mbali na dirisha la barabarani, na mwalimu aseme naye akiwa ameelekeza uso kwake. Anayefundisha akiandika ubaoni huku amewapa watoto mgongo amempoteza.

Macho. Wengi huona vitu vya karibu kwa shida. Mwandiko wa mwalimu uwe mkubwa na mweusi. Penseli hafifu kwenye karatasi ya kijivu haisomeki kwao.

Moyo. Karibu nusu huzaliwa na kasoro ya moyo. Wengine wameshafanyiwa upasuaji, wengine bado wanasubiri. Midomo ikigeuka bluu au akihema sana baada ya kukimbia kidogo, mzazi aambiwe siku hiyohiyo.

Shingo. Hapa nawaomba walimu waandike. Viungo vya watoto hawa ni legevu, na kwa baadhi yao mifupa miwili ya juu ya shingo haishikani imara. Asibingirishwe kichwa chini katika michezo, asining'inizwe miguu juu, na mtu yeyote asimvute shingo. Akianza kutembea tofauti na alivyozoea, akiinamisha kichwa upande mmoja, akilalamika shingo, mikono ikipoteza nguvu, au akianza kujikojolea wakati alishaacha, ni hospitali mara moja. Msisubiri mwisho wa wiki.

Usingizi. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku huja shuleni amechoka. Kusinzia kwake saa nne asubuhi si uvivu. Tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu nayo huleta uchovu na kunenepa, na ina dawa.

Misuli ni legevu pia, na hilo hudhihirika kwenye kuandika. Tazama miguu yake chini ya dawati. Ikining'inia, mwili wote unahangaika kujishikilia na mkono hauna nguvu ya penseli. Weka tofali lililofungwa gunia chini ya miguu. Penseli iwe fupi na nene. Nimeona mwandiko ukibadilika ndani ya wiki mbili kwa tofali tu.

Hatua ya 5: Walimu waonje wanavyojifunza watoto hawa

Sieleweshi hatua hii kwa maneno. Natafuta mwalimu anayezungumza lugha ambayo wengine hawaijui. Nikiwa Mwanza, nitamtafuta anayejua Kimakonde. Anatoa agizo refu kwa kasi ya kawaida: chukua daftari, fungua ukurasa wa mwisho, chora duara, andika jina lako ndani yake, mpe jirani. Walimu wote hufanya kitu kimoja: hugeuka kumtazama jirani. Kisha wanaiga. Hapo nasimamisha zoezi na kuuliza: mlielewa? Mtoto mwenye Down hufanya hivyo siku nzima, na mwalimu hudhani ameelewa kwa sababu ametoa daftari pamoja na wenzake.

Mwalimu yuleyule anarudia agizo kwa kipande kimoja kimoja, akionyesha daftari kwa mkono, akichora duara hewani. Wote wanafanya, na Kimakonde hawajakijua.

Zoezi la pili ni la kumbukumbu. Wasomee maneno haya mara moja: kisu, mvua, kiatu, ndizi, barua, kuku, ngazi. Waulize mwezi na mwaka waliofika shuleni hapo, kisha wayaandike maneno. Wengi hupata manne. Rudia kwa maneno mengine saba, safari hii ukiweka picha mezani, na wataona tofauti. Sasa waeleze: kumbukumbu fupi ya sikio ndiyo udhaifu mkubwa wa watoto hawa, na jicho ndiyo nguvu yao. Wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka. Kusoma kwa wengi wao ni jambo la nguvu, hesabu ni ngumu zaidi. Wanajifunza sana kwa kuiga wenzao, kwa hiyo kuwatenga peke yao siku nzima kunawanyima mwalimu mkubwa.

Jambo la tatu ni kungoja, na hili ndilo ninalolisimamia kuliko yote. Siku moja nilikaa pembeni ya mwalimu mzuri sana, mwenye moyo. Alimwonyesha binti wa darasa la pili picha ya kikombe. "Hii ni nini?" Sekunde mbili. "Hii ni nini, mama?" Sekunde mbili. "Eti, hii tunanywea nini?" Binti aliinamisha kichwa. Nilimwomba mwalimu auulize swali mara moja tu, kisha ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Alihesabu, nami nikawa nakunja vidole chini ya meza. Kwenye kidole cha nane midomo ya binti ilianza kusogea, na likatoka: "Kombe." Mwalimu alifunika mdomo. Kila aliporudia swali, binti alikuwa akianza upya safari ya kulitafuta jibu.

Walimu wafanye zoezi hili wawili wawili, mmoja akiuliza na mwenzake akishika saa. Sekunde kumi za ukimya ni ndefu kwa mwalimu aliyezoea kuitikiwa na darasa zima. Wataona aibu, watacheka. Warudie mpaka wazoee.

Hatua ya 6: Mikono ifanye kazi

Mchana wote wa siku ya kwanza uwe wa kutengeneza. Leteni maboksi, mkasi, kalamu za wino mzito, trei za mayai na vizibo vya soda. Hakuna mwalimu anayetoka bila zana za mtoto yule wa ukurasa mmoja.

Anzeni na kusoma. Huko Portsmouth, Uingereza, mwanasaikolojia Sue Buckley alianza tangu miaka ya 1980 kuonyesha kwamba watoto wengi wenye Down wanaweza kusoma, na kwamba kusoma kunawasaidia kuongea. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 57 wenye Down katika shule za kawaida za Uingereza. Wasaidizi wa walimu walifundishwa, kisha wakakaa na mtoto mmoja mmoja dakika 40 kila siku ya shule. Baada ya wiki 20 watoto hao waliwazidi wenzao waliokuwa wakisubiri zamu, katika kusoma maneno, kujua sauti za herufi na kutumia msamiati waliofundishwa. Nautaja kwa sababu waliofanya kazi ile walikuwa wasaidizi wa darasani walioandaliwa vizuri. Sisi dakika 40 hatuna. Dakika kumi kabla ya mstari na kumi baada ya uji tunazo.

Kadi ziwe za maneno anayoyaishi: jina lake, mama, baba, maji, ugali, mpira. Kila neno lina kadi mbili zinazofanana na picha yake, na picha ya mama ikiwa ya mama yake mwenyewe ni bora zaidi. Hatua ni tatu. Kwanza analinganisha: anaweka kadi juu ya kadi inayofanana nayo. Pili anachagua: "Nipe maji." Tatu anataja: "Hili neno gani?" Msikimbilie ya tatu. Anapoelekea kukosea, ongoza mkono wake kabla hajakosea, kwa kuwa kosa likirudiwa mara mbili hushika kama jibu.

Walimu wa darasa la kwanza watasema sisi tunaanza na silabi: ba, be, bi, bo, bu. Hakuna ugomvi. Mpe maneno mazima kwanza, kama kumi au kumi na tano, kisha silabi zitoke ndani ya maneno anayoyajua tayari. Kata kadi ya "mama" katikati: ma na ma. Kata "maji": ma na ji. Ile "ma" anayoiona pande zote mbili ina maana kwake. "Ba" iliyokaa ubaoni peke yake haina.

Kiswahili kina mtego wake pia. Tunakaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya mwanzo hupita harakaharaka. Mtoto mwenye sikio dhaifu husikia "pika" penye "anapika", naye husema "mama pika". Kumsahihisha kwa mdomo hakusaidii sana, maana kilekile asichokisikia ndicho unachokirudia. Andika kadi tatu: Mama, anapika, ugali. Wino wa "ana" uwe mwekundu. Jicho litamwonyesha kile ambacho sikio limekiacha, na baada ya wiki kadhaa utasikia "ana" ikianza kurudi kwenye maneno yake.

Pamoja na kadi, chagueni ishara za mikono kumi kutoka Lugha ya Alama ya Tanzania: maji, choo, kula, nisaidie, imetosha, ngoja, tena, maumivu, nyumbani, ndiyo. Mwalimu aseme neno huku akitoa ishara, na darasa zima lifundishwe. Wazazi huogopa kwamba ishara zitamfanya asiongee kabisa. Wahakikishie kwamba neno la mdomo likiwa tayari mtoto huacha ishara mwenyewe.

Kwa hesabu, chukueni trei ya mayai ya mashimo 30. Ikatwe vipande vitatu, kila kimoja kina safu mbili za mashimo matano. Hiyo ni kumi. Mtoto akiweka vizibo saba, anaona safu moja imejaa na viwili vya ziada, na matatu matupu. Saba inakuwa na umbo ambalo jicho linalikumbuka, tofauti na kuimba moja mbili tatu, ambako hutegemea sikio tu. Akifika darasa la nne na kuendelea, hesabu yake kubwa iwe pesa. Leteni sarafu na noti za kweli. Picha za sarafu kitabuni hazina uzito wala ukubwa wake. Lengo ni aende dukani na noti ya 1,000, anunue kitu cha 600, ajue kungoja chenji.

Hatua ya 7: Chukueni andalio la somo la kesho

Kila mwalimu atoe andalio lake halisi. Msitunge la mfano. Swali ni moja: katika somo hili, mtoto wetu ataondoka na kitu gani kimoja?

Chukua sayansi, sehemu za mmea. Darasa linatakiwa kueleza kazi za mzizi, shina na jani. Mwalimu ang'oe mmea mmoja mzima wa mahindi na mizizi yake, auweke mezani mbele. Lengo la mtoto wetu ni kubandika kadi tatu, mzizi, shina, jani, mahali pake, na kutaja mbili kati ya hizo. Watoto wengine wote darasani watafaidika na mmea uleule. Wakati wanaandika, yeye anachora mmea na kubandika maneno. Wakati wa maswali, mwalimu amwite yeye abandike kadi mbele ya wenzake, na hapo zile sekunde kumi zina kazi.

Maelekezo yawe mafupi: "Chukua kadi." Akichukua: "Weka kwenye jani." Ratiba ya siku iwe kwenye picha ubavuni mwa dawati lake, naye afunike kila kipindi kinapokwisha.

Kwa darasa kubwa, teua mwenza wa kukaa naye, na umbadilishe kila wiki. Msiache binti mmoja mpole abebe kazi hii mwaka mzima akawa yaya. Mwenza haandiki kwa niaba yake. Anamwonyesha ukurasa, anampa muda, anaenda naye chooni mara za mwanzo.

Hatua ya 8: Anapogoma

Kila mafunzo hufika hapa, na walimu huwa wanalisubiri swali hili tangu asubuhi. Mtoto ameketi sakafuni katikati ya mlango, darasa linatoka, hataki kuinuka.

Kwanza, fimbo haina nafasi. Pili, usimvute mkono, maana viungo ni legevu na bega linaweza kuteguka. Tatu, ondoa watazamaji: darasa litangulie. Kisha punguza maneno, mpe kazi yenye heshima. "Nani atabeba ufunguo wa mwalimu?" Weka ufunguo karibu naye, geuka, anza kutembea taratibu. Mara nyingi utasikia hatua nyuma yako.

Baadaye, ukiwa umetulia, andika: ilikuwa saa ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, aliponaje. Ukiandika mara tano utaona mwenendo. Kazi ilikuwa ngumu mno, au ni ileile ya mwaka jana, hakusikia agizo, alitaka choo, hakulala. Wapo wanaokwepa kazi kwa tabasamu: kitabu kikifunguliwa, anamkumbatia mwalimu. Mwalimu huyeyuka na kazi inakufa. Mpokee kwa furaha, kisha rudisha kidole kwenye neno.

Kukumbatia kwenyewe kuna jambo zito. Mtoto wa darasa la tano anayemkumbatia kila mgeni hajui mipaka, na mtu mwenye nia mbaya ataitumia nafasi hiyo. Afundishwe kusalimia kwa mkono na kwa shikamoo kama wenzake, afundishwe sehemu zake za siri na neno au ishara ya "sitaki", na walimu wote wafuate utaratibu mmoja. Mwalimu mmoja akimbeba na kumpapasa mashavu anavuruga kazi ya wengine wote. Nawasihi wenzangu wasilichukulie hili kama ukali.

Hatua ya 9: Rudi darasani

Ndani ya wiki ya kwanza, mkufunzi afundishe somo moja mbele ya walimu wawili, mtoto akiwemo kama kawaida na mzazi akiwa ameridhia. Wasijae kumi, mtoto ataona ni maonyesho. Wiki inayofuata, mwalimu wa darasa anafundisha na mkufunzi anakaa pembeni dakika 15 na daftari lenye maswali matatu. Aliulizwa mara ngapi? Alisubiriwa? Mikononi alishika kitu gani cha somo?

Baada ya hapo, msifu kwa jambo moja uliloliona kwa macho yako, mpe rekebisho moja tu. Ukitaja makosa saba, kesho hatataka uje.

Saa ya kila wiki ya jumuiya ya kujifunzia itumike kuonyeshana: mwalimu wa hesabu alete trei yake, aeleze ilipofaulu na ilipokwama. Atakayevutiwa kwenda mbali zaidi, Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, Arusha, kinafundisha elimu maalumu. Kenya kuna KISE, taasisi ya elimu maalumu iliyoko Nairobi.

Hatua ya 10: Nyumbani na kumbukumbu

Daftari dogo liende na kurudi kati ya shule na nyumbani. Shule iandike mistari miwili: "Leo amebandika mzizi na jani. Muulize akuonyeshe kwenye mchicha." Mzazi asiyejua kusoma atasomewa na kaka au dada wa mtoto, au mwalimu atamtumia ujumbe wa sauti kwa simu. Msimwite mzazi siku za matatizo tu. Mama aliyezoea kuitwa kwa lawama hupokea simu ya shule akitetemeka.

Maendeleo yapimwe kwa vitu vinavyohesabika: maneno aliyoyasoma bila msaada, maagizo aliyofuata bila kuiga, dakika alizokaa kwenye kazi, mara alizokwenda chooni peke yake. Linganisha na yeye wa mwezi uliopita. Alama za mtihani wa darasa zikiwekwa peke yake zitaonyesha sifuri mwaka mzima, huku mtoto ameshajifunza maneno 35.

Mwezi Novemba, kabla ya kufunga shule, mwalimu atakayempokea Januari aje akae darasani vipindi viwili. Akabidhiwe ukurasa wa mtoto ulioandikwa upya, na tofali la miguu. Boksi la kadi alibebe mtoto mwenyewe mpaka darasa jipya, alifungue mbele ya mwalimu huyo, na amsomee maneno yake yote.